Dondoo za Mimea na Mshipa wa Damu: Nini Kinafika, Nini Kinaishia Njiani

Mabibi na mabwana, wafamasia, wauguzi, na nyinyi mliokuja na vichupa mikobani mkitaka kuambiwa kama vinafaa, karibuni.

Mada ya leo ni dondoo za mimea, yaani viini vilivyokamuliwa kutoka kwenye mimea, zinazosemwa kulinda mishipa ya damu kwa mtu mwenye sindromu ya umetaboli. Mazungumzo ya aina hii huanza na orodha ya majani na mizizi. Leo tutaanza na mshipa, kwa sababu asiyejua mshipa unaharibikaje hawezi kujua dondoo inatumwa ikafanye nini huko.

Kwanza tukubaliane tunamzungumzia nani. Sindromu ya umetaboli haina kipimo kimoja. Yako mambo matano, na mwenye matatu kati ya hayo anahesabiwa kuwa nayo. La kwanza ni kiuno kinene. Mipaka yake hutofautiana kati ya jamii na jamii: wengine hutumia sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake, wengine 102 na 88. La pili ni mafuta ya trigliseridi kuanzia 150 mg/dL, yaani 1.7 mmol/L. La tatu, kolesteroli nzuri, HDL, kuwa chini ya 40 mg/dL kwa mwanamume au chini ya 50 kwa mwanamke. La nne, presha kuanzia 130 kwa namba ya juu au 85 kwa ya chini. La tano, sukari ya kabla ya kula kuanzia 100 mg/dL, yaani 5.6 mmol/L. Anayemeza dawa ya mojawapo ya hayo huhesabiwa hata kama namba yake imeshashuka. Vigezo hivi vilipatanishwa na mashirika kadhaa mwaka 2009, lakini wazo lenyewe lilisimamishwa na daktari Gerald Reaven mwaka 1988, alipoonyesha kwamba nyuma ya mambo haya kuna kitu kimoja: insulini ipo, ila mwili hauisikii vizuri.

Sasa twende ndani ya mshipa. Ukuta wa ateri umetandikwa utando wenye unene wa seli moja tu, unaoitwa endothelia. Kwa muda mrefu ulidhaniwa kuwa ni bitana tu, kama ile ya koti. Mwaka 1980 Robert Furchgott alionyesha vinginevyo. Alichukua vipande vya ateri ya sungura, akavitia asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe wa neva. Vile ambavyo utando wake ulikuwa umekwanguliwa havikulegea. Vile ambavyo utando ulibaki salama vililegea. Kumbe utando ndio unaotoa amri. Amri hiyo ilikuja kujulikana kuwa ni gesi, nitriki oksaidi, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Gesi hii hutengenezwa na kimeng'enya kilichomo kwenye utando kutokana na asidi ya amino iitwayo arginini. Ikishatoka, hupenya hadi kwenye msuli laini wa mshipa na kuulegeza. Na upande wa damu huzuia chembe sahani na chembe nyeupe zisinate ukutani. Uhai wake ni wa sekunde chache tu. Kwa hiyo matatizo yanaweza kuwa mawili: gesi inatengenezwa kidogo, au inatengenezwa lakini inauawa kabla haijafika kwenye msuli. Mwenye sindromu ya umetaboli ana yote mawili.

Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana ndiko kwenye kiini. Insulini ikigusa utando huo hutuma ujumbe kwa njia mbili. Njia moja huamuru nitriki oksaidi itengenezwe, mshipa upanuke. Njia ya pili huamuru endothelini, kemikali inayoubana. Kwa mtu mwenye usugu wa insulini, njia ya kwanza huziba na ya pili hubaki wazi. Kongosho nalo, likiona sukari haishuki, humwaga insulini zaidi, na ziada hiyo yote hupita kwenye njia ya kubana. Juu ya hapo, sukari nyingi na asidi za mafuta zinazoelea kwenye damu huchochea seli kutoa superoksaidi, radikali, yaani molekuli kali isiyotulia, inayoidaka nitriki oksaidi papo hapo na kuigeuza peroksinitriti. Peroksinitriti huharibu msaidizi wa kile kimeng'enya, aitwaye tetrahidrobiopterini. Kimeng'enya kikikosa msaidizi wake huacha kutoa gesi na kuanza kutoa superoksaidi chenyewe. Yaani mlinzi wa nyumba amekuwa mwizi wa nyumba hiyohiyo.

Kwa hiyo kila anayekuletea dondoo muulize inaingia wapi kwenye mlolongo huo. Inaongeza nitriki oksaidi? Inatuliza vimeng'enya vinavyotoa superoksaidi? Inazuia kimeng'enya cha ACE, kinachosaidia kuunda kemikali ya kubana mishipa, ambacho ndicho dawa nyingi za presha hukilenga? Au inashusha sukari na mafuta ili ukuta upigwe kidogo? Akikujibu kwamba "inasafisha mishipa", hajakujibu. Hakuna dondoo inayosugua mshipa kama brashi ya chupa.

Na mshipa hupimwaje? Kipimo kinachotajwa zaidi kwenye tafiti hizi hufanyika hivi. Mtu hulala chali, amefunga kula kwa angalau saa sita, hajanywa kahawa wala kuvuta sigara. Kifuko cha kupimia presha hufungwa kwenye mkono chini ya kiwiko, huku mashine ya mawimbi ya sauti ikitazama ateri ya mkono juu ya kiwiko. Kifuko hujazwa hadi damu isimame, huachwa dakika tano, kisha hufunguliwa ghafla. Damu inayorudi kwa kasi hukwaruza utando, utando hutoa nitriki oksaidi, ateri hupanuka. Upanuzi huo huhesabiwa kwa asilimia. Sasa fikirini: ateri yenye kipenyo cha milimita 4 ikipanuka kwa asilimia 6, hiyo ni milimita 0.24. Tunazungumzia robo ya milimita, inayosomwa na jicho la mtu kwenye skrini. Mkono ukisogea kidogo, au mgonjwa akiwa amekunywa kikombe cha kahawa asubuhi, jibu zima linayumba. Ukisoma kwamba dondoo fulani "iliboresha kazi ya mishipa" kwa watu 20, kumbuka hiyo robo ya milimita.

Lipo kosa kubwa zaidi ya hilo, nalo ni la maabara. Seli za mshipa huwekwa kwenye sahani, humwagiwa dondoo yenye mkusanyiko wa maikromola 50, na hupona vizuri sana. Lakini kemikali nyingi za mimea za jamii ya flavonoidi, mtu akizila, hufika kwenye damu chini ya maikromola 1, tena zikiwa zimeshageuzwa na utumbo na ini kuwa kitu kingine. Nyingine hazifyonzwi kabisa mpaka bakteria wa utumbo mpana wazikatekate. Ndiyo maana ile hoja kwamba mmea huu una "nguvu ya kuua radikali" mara kumi kuliko ule, kwa kipimo cha kwenye chupa, haina uzito mbele ya mshipa wa mtu. Kinachofanya kazi mwilini, pale kinapofanya kazi, ni kiasi kidogo cha kemikali kinachobadilisha amri ndani ya seli: kinapunguza kimeng'enya hiki, kinaamsha kile.

Baada ya kuchuja hivyo, mimea inayobaki ni michache. Nitachukua ile yenye majaribio ya kueleweka kwa binadamu.

Kakao ndiyo yenye ushahidi mpana zaidi juu ya utando wenyewe. Kiungo chake muhimu ni flavanoli, hasa epikatekini. Mwaka 2012 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya, EFSA, ilikubali dai kwamba miligramu 200 za flavanoli za kakao kwa siku husaidia mishipa kubaki na unyumbufu wake. Angalieni: miligramu 200 za flavanoli, wala haikusemwa gramu kadhaa za chokoleti. Hapa ndipo watu wanapopotea. Unga wa kakao wa asili, kwa vipimo vilivyochapishwa mwaka 2008, ulikuwa na wastani wa miligramu 34.6 za flavanoli kwa gramu. Ule uliotiwa magadi kiwandani kwa wingi, ili uwe mweusi na usiwe mchungu, ulibaki na miligramu 3.9. Piga hesabu: kufikia miligramu 200 unahitaji gramu 6 za unga wa asili, vijiko vya chai viwili au vitatu. Kwa ule mweusi unahitaji gramu 51. Weusi wa kakao unaosifiwa kwenye pakiti mara nyingi ni dalili ya flavanoli zilizokufa. Soma viambato: ukiona neno linaloashiria kakao imetiwa alkali, irudishe kwenye rafu. Asilimia iliyoandikwa kwenye chokoleti nayo haikuambii flavanoli ni ngapi. Inakuambia tu ni kiasi gani kimetokana na kakao, siagi yake ikiwemo. Na sukari inayoandamana nayo ndiyo tunayoikimbia.

Je, kakao inazuia mshtuko wa moyo? Jaribio kubwa la COSMOS nchini Marekani, lililotoa majibu mwaka 2022, liliwapa watu wazima 21,442 dondoo yenye miligramu 500 za flavanoli kwa siku au kidonge cha danganyifu, yaani kisicho na dawa ndani. Matukio ya moyo na mishipa kwa jumla yalipungua kwa asilimia 10, lakini tofauti hiyo haikuvuka mstari wa kitakwimu, yaani huenda ni bahati tu. Vifo vitokanavyo na moyo na mishipa vilipungua kwa asilimia 27, ila hilo halikuwa swali kuu la jaribio. Muuzaji atakuonyesha hiyo 27 na kuificha hiyo 10. Msomaji makini huzishika zote mbili.

Rozela, au choya kama wengi wanavyoiita, yale maua mekundu machachu, inafuata. Wekundu wake ni anthosianini, rangi ya asili ya mmea, na inaelekea kufanya kazi kwa kukizuia kidogo kimeng'enya cha ACE na kuongeza mkojo kwa kiasi. Jaribio la mwaka 2010 lililohusu watu 65 wenye presha iliyoanza kupanda, wasiotumia dawa, liliwapa vikombe vitatu vya mililita 240 kwa siku kwa wiki sita. Kila kikombe kilikuwa na gramu 1.25 za maua makavu, yaliyolowekwa dakika sita kwenye maji yaliyochemka. Namba ya juu ya presha ilishuka kwa 7.2, huku waliopewa kinywaji cha danganyifu wakishuka kwa 1.3. Hiyo ndiyo dozi, na si siri. Mambo yanapoharibika, huharibika kwa njia tatu. Mtu anachemsha maua nusu saa nzima na kuzivunja anthosianini kwa moto. Au anatumia sufuria ya alumini, na ule uchachu unakula chuma. Au, kosa baya kuliko yote, anatia sukari vijiko vitatu kwenye kila kikombe. Vikombe vitatu kwa siku ni vijiko tisa vya sukari kwa mtu ambaye trigliseridi zake ndizo zilizomleta hapa.

Juisi ya bitiruti ina njia yake ya pekee kabisa, maana haihitaji kile kimeng'enya kilichoharibika. Nitrati iliyomo hufyonzwa, hukusanywa na tezi za mate, kisha bakteria walio nyuma ya ulimi huigeuza nitriti, ambayo ikimezwa hugeuka nitriki oksaidi mwilini. Mwaka 2015 jaribio la London kwa watu wenye presha lilitumia mililita 250 kwa siku kwa wiki nne, na namba ya juu ya presha ikashuka kwa takriban 7.7, huku kundi la pili lilikunywa juisi ileile iliyoondolewa nitrati na halikushuka hivyo. Jaribio zuri, safi. Ila watu wenye kisukari cha aina ya pili, kwenye jaribio la mwaka 2013, walikunywa kiasi hichohicho kwa wiki mbili, na presha yao haikubadilika wala utando wao haukuboreka. Hilo ni onyo kwa yeyote anayechukua majibu ya mwenye presha tupu na kumvika mwenye sindromu nzima. Na anayesukutua kila siku kwa dawa kali ya kuua vijidudu mdomoni anawaua wafanyakazi wenyewe. Juisi inabaki juisi. Mkojo ukiwa mwekundu baada ya bitiruti usishtuke. Mwenye mawe ya figo ya oksalati, au figo zilizochoka zisizomudu potasiamu, aiache.

Kitunguu saumu kinastahili dakika zake, kwa kuwa watu wengi hukitumia kikiwa kimeshakufa. Ndani ya punje, aliini na kimeng'enya cha aliinasi hukaa vyumba mbalimbali. Ukiponda, ukuta kati yao huvunjika, vinakutana, na allisini inazaliwa. Ndiyo ile harufu. Ukitupa punje nzima kwenye mafuta ya moto, kimeng'enya hufa kabla hakijafanya kazi yoyote. Dakika moja tu ndani ya maikrowevu inatosha kukiua. Kwa hiyo ponda, acha dakika kumi kwenye ubao, ndipo upike. Vidonge vya unga wa kitunguu saumu vina tatizo la pili: asidi ya tumbo huua kimeng'enya hichohicho, hivyo kidonge kisicho na ganda la kukipitisha tumboni hakikupi unachokifikiria. Dondoo iliyokomazwa kwa miezi mingi haina allisini kabisa. Kiungo chake ni S-alili-sisteini, ambacho ni tulivu na kinaweza kupimwa. Jaribio moja la wiki 12, kwa watu wenye presha isiyotii dawa, liligundua kwamba miligramu 480 za dondoo hiyo, zenye miligramu 1.2 za S-alili-sisteini, zilishusha namba ya juu ya presha kwa karibu 12. Dozi ilipoongezwa mara mbili, matokeo hayakuwa bora. Nawaomba mlishike hilo mnapokutana na mtu anayesema kama kimoja kinasaidia, vitatu vitaponya.

Zeituni tutaipita upesi. Kiungo chake, hidroksitirosoli, kina dai lililokubaliwa na EFSA mwaka 2011: miligramu 5 za hidroksitirosoli na jamaa zake ndani ya gramu 20 za mafuta ya zeituni hulinda kolesteroli mbaya, LDL, isioksidishwe. Dondoo ya majani yake, miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa wiki nane, ilishindanishwa na kaptopril, dawa ya presha, na zikakaribiana. Lakini jaribio hilo halikuwa na kundi la kidonge cha danganyifu, na presha hushuka yenyewe kwa mtu anayejua anapimwa.

Manjano, sasa. Kurukumini, kiungo chake kikuu, hufyonzwa vibaya kiasi kwamba mtu akimeza gramu 2, damu yake huwa karibu haina kitu. Mwaka 1998 watafiti waliongeza miligramu 20 za piperini kutoka kwenye pilipili manga, ufyonzwaji ukapanda kwa asilimia 2,000. Takwimu hiyo imeandikwa kwenye kila chupa tangu wakati huo. Mara ishirini ya karibu sifuri ni nini? Zaidi ya hapo, piperini inafanya hivyo kwa kuyazima mageti ya utumbo na ini yanayozuia kemikali ngeni, na mageti hayo hayachagui: dawa zako nyingine nazo hupita kwa wingi usiotarajiwa. Matukio ya ini kuumia kutokana na vidonge vya manjano yenye piperini yameandikwa na madaktari wa nchi mbalimbali. Manjano ya kwenye sufuria ni kitu kingine, hayo endeleeni nayo.

Dondoo ya chai ya kijani iko kwenye kundi hilohilo la hatari. Kikombe cha chai hakina neno. Kidonge chenye miligramu 800 au zaidi za EGCG, kemikali kuu ya chai hiyo, kwa siku ndicho EFSA ilichokihusisha, mwaka 2018, na kupanda kwa vimeng'enya vya ini. Kumezwa tumbo likiwa tupu huongeza kiasi kinachoingia kwenye damu, na wanaomeza tumbo tupu mara nyingi ni wale wanaotaka kupunguza kiuno haraka.

Berberini ni kemikali moja safi, ya manjano na chungu, inayotolewa kwenye mizizi na magome ya mimea kadhaa. Kwa miligramu 500 mara mbili au tatu kwa siku pamoja na chakula, hushusha sukari, LDL na trigliseridi. Naiweka karibu na dawa kuliko chakula, na naitendea hivyo kwa kila hali. Huleta kuvimbiwa au kuharisha. Huzuia vimeng'enya vya ini vinavyosaga dawa nyingi. Mjamzito asiiguse, wala mama anayenyonyesha, kwa sababu huisukuma bilirubini, ile taka ya njano ya damu, kutoka kwenye protini inapojishika, na umanjano wa mtoto mchanga unaweza kufika kwenye ubongo.

Mdalasini nautaja kwa sababu ya hesabu moja. Aina ya kasia, ambayo ndiyo ya bei nafuu na inayojaa sokoni kote duniani, ina kumarini, kemikali inayoweza kuumiza ini, kwa wastani wa kama gramu 3 kwa kilo. Kiasi kinachovumilika kila siku ni miligramu 0.1 kwa kilo ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 anafikia kikomo chake, miligramu 7, akila gramu 2.3 za unga, chini ya kijiko kimoja cha chai kilichojaa. Anayekula vijiko viwili kila asubuhi kwa ajili ya sukari yake analiweka ini kwenye mizani isiyo ya lazima.

Gingko ilijaribiwa kwa maelfu ya wazee kwa miaka, miligramu 240 kwa siku, na haikupunguza vifo wala matukio ya moyo. Resveratroli ya zabibu huharibiwa na ini karibu yote kabla ya kuzunguka. Tuendelee.

Lebo. Ukiona "10:1", maana yake gramu 10 za mmea mkavu zimetoa gramu 1 ya dondoo. Kidonge cha miligramu 500 kimetoka kwenye gramu 5 za mmea. Basi. Hakuna zaidi. Haikuambii waliyeyusha kwa maji au kwa pombe, na tofauti hiyo ni kubwa: maji hutoa sukari na tanini, mchanganyiko wa pombe na maji hutoa flavonoidi nyingi zaidi. Tafuta jina la kemikali na kiasi chake kwa miligramu kwa kila dozi. Ukiona "polifenoli 40%", yaani jamii kubwa ya kemikali za mimea, flavonoidi zikiwemo, uliza zimepimwaje. Kipimo rahisi cha rangi kinachotumika viwandani huhesabu pia vitamini C na sukari kana kwamba ni polifenoli, kwa hiyo asiye mwaminifu huongeza unga wa vitamini C na namba inapanda. Kipimo cha kutenganisha kemikali, HPLC, hakidanganyiki hivyo. Omba cheti cha kundi hilo la uzalishaji, chenye namba iliyoko kwenye chupa yako, kinachoonyesha pia risasi, kadimi na vijidudu.

Kwa nini nasisitiza? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, wanawake waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito walipewa vidonge ambamo badala ya mmea mmoja wa Kichina uliwekwa mwingine kwa makosa, Aristolochia fangchi, wenye jina linalokaribiana nao. Zaidi ya wanawake 100 waliharibikiwa figo, na baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Walikuja kwa ajili ya kiuno, kigezo cha kwanza kwenye orodha yetu.

Kuna na mimea inayokwenda kinyume kabisa. Urukususu, ule mzizi mtamu wa likorisi, wenye glisirizini huongeza presha na kushusha potasiamu. Miligramu 100 za glisirizini kwa siku ndicho kikomo kinachotajwa, na chai za mitishamba hutiwa urukususu kwa ajili ya utamu bila kuandikwa kwa herufi kubwa. Balungi huzima kimeng'enya cha utumbo kinachosaga simvastatini na atorvastatini, dawa za kolesteroli, na felodipini ya presha. Glasi moja inatosha, na athari yake hupita siku nzima. Kusema umekunywa balungi asubuhi na dawa jioni hakukuokoi. Kitunguu saumu cha vidonge pamoja na warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, au aspirini huongeza kutokwa damu, na kiliwahi kushusha saquinavir, dawa ya VVU, kwa karibu nusu kwenye damu.

Mwisho, anayetaka kujaribu afanyeje. Usiache dawa uliyoandikiwa. Kwanza pima presha nyumbani kwa siku saba kabla ya kuanza chochote: keti dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono ukiwa usawa wa moyo, kibofu kitupu. Pima mara mbili kwa kuachana dakika moja, asubuhi na jioni. Tupa namba za siku ya kwanza, tafuta wastani wa siku sita zilizobaki. Wastani wa nyumbani kuanzia 135 kwa 85 ni presha ya juu, hata kama kliniki walisema afadhali. Chukua pia vipimo vya damu: sukari ya kabla ya kula, mafuta, figo, na vimeng'enya vya ini. Kisha anza dondoo moja tu, kwa dozi iliyojaribiwa, bila kubadilisha kitu kingine. Ukianza tatu kwa pamoja hutajua ipi imesaidia, na ukiugua hutajua ipi imekuumiza.

Baada ya wiki nane rudia zoezi lile la siku saba, kwa mashine ileile, na vipimo vya damu. Namba ya juu ya presha ikiwa imeshuka kwa chini ya 5, hesabu kwamba hujaona kitu, kwa sababu siku na siku hutofautiana kwa kiasi hicho. Ikiwa imeshuka 5 au zaidi na imebaki hapo, hiyo ni faida ya kweli: kwa dawa za presha, kushuka kwa 5 kunapunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa takriban asilimia 10. Isiposhuka, acha. Usiongeze dozi, usibadilishe chupa ya kampuni nyingine ukitumaini.

Dondoo zote zisimamishwe wiki mbili kabla ya upasuaji wowote, ung'oaji wa jino ukiwemo. Ufizi ukianza kutoka damu au michubuko ikatokea bila kugongwa, acha siku hiyohiyo. Ukienda kwa daktari, nenda na chupa yenyewe. Jina la mmea peke yake halimsaidii. Na mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, macho yakiwa ya njano au mwili ukiwasha usiku kucha, usingoje tarehe ya miadi.